Nina miaka 27 na navaa miwani: naweza kuwa mwamuzi wa besiboli wa kulipwa?

Swali: "Naishi Columbus, Ohio, mwaka wa saba sasa, na nina kibali cha ukaazi wa kudumu. Kwetu ni Kigoma. Usiku nafanya kazi ghalani kwa dola 19 kwa saa. Jumamosi nachezesha mechi za besiboli za watoto wa miaka 10 hadi 12, na nimeipenda kazi hiyo kuliko zote nilizowahi kufanya. Nimesoma kwamba waamuzi wa ligi kuu wanalipwa mamia ya maelfu ya dola. Lakini nina miaka 27, navaa miwani, sijawahi kucheza besiboli, na rafiki yangu anasema mashine zitaichukua kazi hiyo kabla sijafika. Mke wangu anatarajia mtoto wa pili. Niache kazi niende shule ya waamuzi Florida, au najidanganya?"

Hujidanganyi, ndugu yangu. Ila mambo manne uliyoyataja kwa hofu, yaani umri, miwani, kutocheza na mashine, hayana uzito unaoyapa. Lenye uzito ni lile ulilolipitia kwa sentensi moja: mke na mtoto anayekuja. Nitaanza na mepesi ili tupate nafasi ya kulizungumza hilo vizuri.

Umri kwanza. Tarehe 9 Agosti 2025, huko Atlanta, Jen Pawol alikuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya ligi kuu ya Marekani, MLB. Siku hiyo alikuwa na miaka 48. Kazi yake katika ligi ndogo za kulipwa ilianza mwaka 2016, akiwa anakaribia miaka 40. Wewe una 27, na wengi wanaoingia wapo katika miaka hiyo hiyo ya ishirini. Lakini chukua kisa chake chote, usichukue nusu. Kabla ya 2016 Pawol alikuwa ameshachezesha softiboli, mchezo ndugu wa besiboli, ya vyuo vikuu kwa miaka kadhaa. Hakutoka kwenye mechi za watoto moja kwa moja.

Miwani nayo si kizuizi. Kinachotakiwa ni uwezo wa kuona wa 20/20, kwa miwani, kwa lenzi za kuvaa jichoni au bila vyote. Ed Rommel alivaa miwani akichezesha ligi kuu mwaka 1956, na ulimwengu haukuanguka. Nenda kwa mtaalamu wa macho, mweleze unafanya kazi gani, umwombe lenzi za polikaboneti, ambazo hazipasuki vipande vipande zikigongwa, zenye utando wa kuzuia ukungu. Halafu nenda na miwani hiyo dukani unapojaribu kinyago cha uso. Fremu ikigusana na pedi za ndani, mpira ukigonga kinyago nguvu yote itahamia kwenye pua na mfupa wa shavu.

Kutocheza hakukufungii mlango, maana hakuna sharti la kuwa uliwahi kuwa mchezaji. Kunakupunguzia kitu kimoja tu, nacho ni mazoea. Aliyecheza tangu utotoni anajua, mpira ukipigwa kulia na mkimbiaji yuko besi ya kwanza (kituo cha kwanza anachokimbilia), utarushwa wapi baada ya hapo, na miguu yake inaanza kwenda huko kabla hajafikiri. Wewe itabidi ulijenge hilo kwa makusudi. Tazama mechi na kitabu cha sheria mkononi, na kabla ya kila mrusho jiulize: mpira ukipigwa ardhini, mchezo utakuwa wapi? Ukipigwa juu, nani anaangalia nini? Kwa misimu miwili utakuwa umelipa sehemu kubwa ya deni hilo.

Sasa mashine. Rafiki yako hajakosea kabisa, ila amechanganya mambo mawili. Kuanzia msimu wa 2026, MLB inatumia mfumo wa kukata rufaa kwa kamera. Mwamuzi aliye nyuma ya mdakaji anaendelea kuamua kila mrusho, straiki (umepita eneo la kupigika) au boli (umepita nje yake), kama zamani. Kila timu inaanza mechi na rufaa mbili. Wanaoruhusiwa kukata rufaa ni mpigaji, mrushaji au mdakaji pekee, papo hapo, kwa kugusa kofia, bila kuelekezwa na kocha. Timu ikishinda rufaa inabaki nayo, ikishindwa imeipoteza. Jibu linaonekana kwenye skrini ya uwanja ndani ya sekunde chache.

Korea Kusini wamekwenda mbali zaidi. Tangu 2024 kompyuta ndiyo inayoamua kila mrusho katika ligi yao, na mwamuzi anasikia jibu kwenye kifaa cha sikioni kisha analitangaza. Je, Marekani nayo itafika huko? Inawezekana, na anayekuahidi kwamba haitatokea kamwe anakufurahisha tu. Lakini hebu hesabu kazi zinazobaki hata siku hiyo ikifika: mpira ulitua ndani au nje ya mstari, mkimbiaji aliguswa kabla ya kufika, mpigaji alizungusha gongo au alilizuia, mpira ulimgonga mtu, mrushaji alimhadaa mkimbiaji kinyume cha sheria, mchezaji alimzuia mwenzake njiani, mvua imezidi, kocha amevuka mpaka wa adabu. Ili mechi iishe kwa amani, uwanjani panahitajika watu wanaoijua sheria na wenye mamlaka. Kinachopungua thamani ni ule umahiri wa kuona ukingo wa eneo la straiki, ambao zamani ulitosha kumpandisha mtu. Kinachopanda ni kujua sheria, kujipanga vizuri na kuongea na watu.

Mashine imebadilisha pia namna waamuzi wanavyopimwa. Eneo la straiki la kamera lina upana wa kibao cha nyumbani, kile ambacho mpigaji anasimama kando yake, inchi 17, yaani sentimita 43. Kwenda juu linaanzia asilimia 27 ya kimo cha mpigaji na kuishia asilimia 53.5. Kwa mpigaji wa sentimita 180 hiyo ni kutoka sentimita 48.6 hadi 96.3 juu ya ardhi. Mpira wenyewe una kipenyo cha sentimita 7 na kitu, na ukigusa ukingo kwa ngozi yake tu ni straiki, kwa hiyo kwa jicho la mwamuzi upana halisi ni zaidi ya sentimita 57. Waanzaji wengi huwanyima warushaji sentimita hizo saba za kila upande kwa sababu wanatazama kibao na kuusahau unene wa mpira. Kasoro hiyo zamani ilibaki kuwa maneno ya makocha. Leo inaonekana kwenye ripoti kesho yake asubuhi.

Tuje kwenye lenye uzito.

Ligi kuu ina waamuzi wa kudumu 76, waliogawanywa katika vikosi 19 vya watu wanne. Hao ndio wote, kwa timu 30. Nafasi inapatikana mtu akistaafu, akiumia asirudi, au akiondolewa. Nao huwa hawastaafu mapema: Joe West alichezesha mechi 5,460 kabla ya kuondoka baada ya msimu wa 2021, rekodi ya wakati wote. Mwaka mwingine zinapatikana nafasi chache, mwaka mwingine hazipatikani kabisa. Chini yao kuna ngazi za ligi ndogo. Unaanzia ligi za mafunzo za Florida na Arizona, unapanda Single-A, High-A, Double-A hadi Triple-A. Ngazi za chini mnakuwa waamuzi wawili uwanjani, Double-A na Triple-A watatu. Kwa kawaida safari hiyo inachukua miaka saba hadi kumi kwa wale wanaofanikiwa. Wengi hawafiki. Na asiyeonekana kuwa na nafasi ya kupanda huachishwa hata kama hakufanya kosa lolote kubwa, kwa kuwa ngazi zile zipo kwa ajili ya kuwaandaa wa ligi kuu, na kila anayekaa pale bila matumaini anamzibia mwingine. Pam Postema alichezesha misimu 13 ya ligi ndogo, akafika Triple-A, akaachishwa mwaka 1989 bila kuitwa juu.

Mishahara uliyosoma ni ya kweli, ila ni ya wale 76. Katika ligi ndogo malipo ni ya mwezi, kati ya dola 2,000 na 4,000 hivi kulingana na ngazi, na yanatolewa wakati wa msimu tu. Hoteli unalipiwa na posho ya chakula unapewa, ila Oktoba mshahara umekatika. Chukua kalamu. Tuseme unaanza na dola 2,500 kwa miezi mitano: ni 12,500. Ghalani, kwa dola 19 kwa saa na saa 40 kwa wiki, unapata karibu 39,500 kwa mwaka. Pengo hilo la dola 27,000 utalijaza kwa kazi ya miezi ya baridi, na ni mwajiri gani atakayekubali uondoke kila mwezi wa tatu? Ongeza kwamba bima ya afya ya familia huenda inategemea kazi yako ya ghalani, na mkeo ni mjamzito. Ongeza kwamba kuanzia Aprili hadi Septemba utakuwa barabarani, siku sita za mechi kwa wiki, mji baada ya mji. Mkeo atalea watoto wawili peke yake, mbali na mama na shangazi ambao huko Kigoma wangemsaidia.

Kwa hiyo usiache kazi mwaka huu. Nalisema hili nikiwa naitakia mema ndoto yako, maana nimeielewa.

Shule ya Florida nayo ieleweke. Shule binafsi ya Wendelstedt ni ya miaka mingi, mafunzo yake ni mazuri na yanaheshimika. Hata hivyo hakuna shule inayouza ajira. Siku hizi MLB yenyewe hutafuta vipaji kupitia kambi za siku moja, za bure, zinazofanyika miji mbalimbali. Pale wanakutazama unavyosimama, unavyokimbia, sauti yako na unavyopokea maelekezo. Wanaoonekana wanafaa huitwa kwenye mafunzo marefu zaidi. Pawol alipitia kambi ya namna hiyo Cincinnati mwaka 2015, na Cincinnati ni saa mbili tu kwa gari kutoka kwako. Masharti ya kuingia hayatishi: cheti cha sekondari au kinacholingana nacho, macho, afya ya mwili, na uwezo wa kujieleza. Hilo la mwisho kwako lina maana mbili. Lafudhi haina tatizo lolote. Kinachotakiwa ni uweze kumweleza kocha mwenye hasira kwa sentensi mbili za Kiingereza ulichokiona na sheria inasemaje, kisha usiku uandike ripoti inayosomeka ya kwa nini ulimtoa nje.

Kabla ya kambi, jenga msingi mahali ulipo. Ohio ina chama kinachosimamia michezo ya shule za sekondari, OHSAA. Unasoma kozi ya uamuzi, unafanya mtihani, unapewa kibali, unajiunga na chama cha waamuzi cha eneo lako, na mpangaji wa mechi anaanza kukuita. Mechi huwa jioni, kuanzia mwisho wa Machi, kwa hiyo zinaweza kukaa pamoja na zamu zako za usiku. Malipo kwa kawaida ni kati ya dola 60 na 100 kwa mechi ya timu za wakubwa wa shule. Unalipwa kama mtu anayejitegemea, hukatwi kodi, kwa hiyo tunza daftari la mapato, maili ulizoendesha na risiti za vifaa, la sivyo Aprili, mwezi wa kutangaza kodi, itakuumiza. Vifaa vya nyuma ya mdakaji, yaani kinyago, kinga ya kifua, kinga za ugoko, kinga ya sehemu za siri, viatu vyenye chuma mbele, mifuko ya mipira, brashi na kibonyezo cha kuhesabia, viandalie dola 500 hivi. Viatu na kinyago usinunue vya mtumba.

Baada ya misimu miwili ya sekondari unaweza kujaribu vyuo. Nikuambie jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi: uamuzi wa vyuo vikuu ni kazi ya heshima kamili, si makapi ya walioshindwa. Ngazi ya juu ya vyuo inalipa mamia ya dola kwa mechi moja, nyingi zikiwa mwisho wa wiki, na mtu anabaki na nyumba yake na kazi yake. Kama unachokipenda ni kuchezesha besiboli vizuri mbele ya watu wanaoielewa, na siyo jina la MLB begani, huenda hapo ndipo utakapopata furaha bila kuvunja nyumba.

Sasa ufundi wenyewe, kwa sababu huo ndio utakaokuonyesha kama unafaa. Mrushaji yuko mita 18.44 kutoka kibao cha nyumbani. Mpira wa kilomita 150 kwa saa unafika kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde. Hakuna jicho linaloweza kurekebisha kichwa kinachotikisika ndani ya muda huo, kwa hiyo kila kitu ni kuwa umetulia kabla mpira haujaondoka mkononi. Simama kwenye uwazi kati ya mpigaji na mdakaji, si nyuma ya mdakaji moja kwa moja. Miguu iwe mipana kuliko mabega, ule ulio upande wa mpigaji utangulie, ncha ya kiatu cha pili ikilingana na kisigino cha wa mbele. Shuka mpaka kidevu kiwe usawa wa juu ya kofia ya mdakaji, usishuke zaidi. Ukishuka zaidi, mpira wa chini wa upande wa mbali unafichwa na mdakaji na unaanza kubahatisha. Ufuate mpira kwa macho, kichwa kibaki palepale, mpaka uingie kwenye glavu. Ndipo uamue, na ndipo useme.

Hapo kwenye kusema ndipo wengi wanapoharibu. Mwanzaji anaogopa kuonekana hajui, kwa hiyo anatoa uamuzi mpira ukiwa bado njiani. Mpira unaopinda unafanya kazi yake katika mita za mwisho, yeye ameshauamulia katikati. Dawa ni kuchelewa kidogo kwa makusudi: acha glavu ilie, jiulize "uligusa?", kisha toa sauti. Makocha hawalalamikii uamuzi uliochelewa nusu sekunde. Wanalalamikia uamuzi uliobadilishwa.

Besi ya kwanza kosa ni kinyume chake: kusogea karibu mno. Kwa mchezo wa kugusa besi, kaa mita tano hivi, mahali unapouona mpira ukija kutoka pembeni yako kwa pembe ya mraba. Macho kwenye besi, masikio kwenye glavu. Mguu unauona, mpira unausikia, na sauti ipi imetangulia ndilo jibu. Ukiwa mita mbili, macho hayawezi kubeba vyote viwili. Mchezo wa kumgusa mkimbiaji ni tofauti, unasogea zaidi na unatafuta uwazi kati ya glavu na mwili. Mkiwa waamuzi wawili, kila mpira ukipigwa mbali mmoja wenu lazima aukimbilie na mwingine achukue besi zote zilizobaki. Nani anakwenda wapi mnakubaliana kabla ya mechi kwa maneno, na mnakumbushana kwa ishara kila mkimbiaji mpya anapopanda. Jambo dogo lakini wapimaji wanalitazama: kinyago unakivua kwa mkono wa kushoto, ule wenye kibonyezo, ili wa kulia ubaki huru kwa ishara.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Mpira ukikugonga kinyago na baada yake ukasikia kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga unaumiza macho au hukumbuki hesabu ya straiki, toka uwanjani siku hiyo hiyo umwone daktari, hata kama mechi imebaki na mwamuzi mmoja. Ukitapika, kichwa kikizidi kuuma au ukichanganyikiwa, ni wodi ya dharura. Pigo la pili kabla ubongo haujapona ni hatari kuliko la kwanza. Pima pia moyo na shinikizo la damu kabla ya msimu: John McSherry, mwamuzi wa ligi kuu, alianguka na kufariki kwa moyo uwanjani Cincinnati tarehe 1 Aprili 1996, mechi ya kufungua msimu. Habari za kibali chako cha ukaazi, hasa kama una mpango wa kuomba uraia au kukaa nje ya nchi muda mrefu ukichezesha kwingine, mpelekee mwanasheria wa uhamiaji. Na mwombe mkufunzi wa chama chako aje akutazame mechi nzima, akuandikie makosa, kisha arudi baada ya mwezi. Yeye ataona kwa dakika kumi nisichoweza kukiona kutoka hapa.

Ukifika miaka 30 na misimu miwili au mitatu ya sekondari nyuma yako, mtoto ameanza kutembea, na wewe na mkeo mmeweka akiba ya miezi minane ya matumizi, nenda kambi ya siku moja. Wakikuchukua, kaeni mezani wawili muweke kikomo kabla hujaondoka: kwa mfano, kama msimu wa nne umekwisha na sijafika Double-A, narudi nyumbani kwenye vyuo. Kikomo kinachowekwa baada ya kuanza kupanda huwa hakiheshimiwi.

Na mwaka huu kuna shule iko mlangoni pako. Columbus Clippers ni timu ya Triple-A, ngazi moja chini ya ligi kuu, na uwanja wao, Huntington Park, uko katikati ya mji wako. Msimu ukianza nunua tiketi ya bei ndogo upande wa besi ya kwanza, uende na daftari. Usiutazame mpira. Chagua mwamuzi mmoja kati ya watatu, umfuate tangu mrusho wa kwanza hadi wa mwisho: alisimama wapi kabla ya mpira, alihamia wapi ulipopigwa, aligeuka mara ngapi kutazama kama mkimbiaji amegusa besi, alimwashiria nini mwenzake. Wiki inayofuata chagua mwingine.